Environment ya pale ikoje?

Ukitafuta nyumba ya kupanga Kampala kuna neno utalisikia kabla hata hujauliza bei. Broka anafungua geti, anapunga mkono huku na huku utadhani kiwanja ni cha baba yake, halafu anatamka, "Nnyabo, we angalia mwenyewe, environment ya hapa iko safi." Mazungumzo yote yanaweza kuwa ya Kiganda au Kiswahili lakini hilo neno atalisema kwa Kiingereza tu, na usidhani anaongelea miti, maana mara nyingi hata mti wenyewe hakuna, labda mwembe wa jirani unaomwaga majani upande wenu. Anachokuambia ni kwamba majirani hawatukanani usiku, bomba linatoa maji, boda inafika hadi mlangoni, hakuna kafunda, kibaa cha mtaani, inayopiga muziki nyuma ya dirisha, na wezi hawajaizoea hiyo njia.

Sasa mchukue mtu yuleyule jioni, yuko na redio yake, mtangazaji anasema leo studio tuna mgeni wa mambo ya environment. Hapohapo neno limebadilika kichwani mwake. Sasa ni miti, ni tembo, ni barafu inayeyuka huko mbali, ni waheshimiwa wamevaa fulana nyeupe tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, watu kumi wanashika mche mmoja wapigwe picha. Anahamisha stesheni atafute mpira.

Mi msimamo wangu ni huu na nishabishana na watu sana juu yake: broka ndo anaelewa hilo neno kuliko mgeni wa redio. Sisemi mgeni hajasoma, amesoma, ila yeye amechukua kipande kimoja cha neno akakifanya ndo neno zima, na sisi wengine tukamfuata, matokeo yake jambo linalotugusa kila siku tumeliachia watu wa semina.

Environment maana yake ni vile vitu vyote vilivyokuzunguka. Basi. Hewa, majirani, mtaro, kelele, sheria za bosi wako, harufu ya choo cha shimo, vyote. Waingereza wenyewe walipata mzizi wake kwa Wafaransa, neno la kuzunguka tu, na mtu anayetajwa sana kuliingiza kwenye maandishi kwa maana hii ni Thomas Carlyle, mwaka 1828, alikuwa anaandika juu ya Goethe, mshairi wa Kijerumani. Kwa hiyo neno lilianza na mtu na yanayomzunguka, miti ikaja kulishika baadaye sana, karne ya 20, na hasa baada ya ule mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kule Stockholm mwaka 1972 ambao ndo ulituzalia hiyo 5 Juni na shirika lao la mazingira, UNEP, pale Nairobi. Toka hapo ukisema environment mbele ya watu wa mikutano wanaona rangi ya kijani.

Kiswahili bwana kilifanya kazi nzuri zaidi. Mazingira yanatoka kwenye kuzingira, na kuzingira sisi tuliokulia kambini tunakujua vizuri, askari wakizingira nyumba hutoki. Na ukisoma magazeti ya Kiswahili utaona neno halijafungwa kwenye miti hata kidogo: fulani amekutwa amefariki katika mazingira ya kutatanisha, watoto wanaoishi katika mazingira magumu, mshtakiwa amefungwa kwa ushahidi wa mazingira yaani hakuna aliyemuona kwa macho lakini kila kitu kilichokuwa karibu kinamnyooshea kidole. Watanzania ndo wameenda mbali kabisa, mtu akikuambia "tengeneza mazingira basi" na faili lako limekwama mezani kwake, we elewa tu, hakutumi ukapande mti.

Maofisini pia liko hivyohivyo, "environment ya pale imeharibika" maana yake bosi na naibu wake hawasalimiani na kila mtu anatafuta kazi kwingine kimyakimya. Hata vijana wa kompyuta wanalo lao, programu imegoma kwa mteja kijana anajibu "lakini kwenye environment yangu inafanya kazi". Sijui mteja afanye nini na hilo jibu.

Kiganda ndo nadhani kimechangia kutupeleka kwenye miti. Serikalini na redioni environment inatafsiriwa obutonde bw'ensi, na okutonda ni kuumba, kwa hiyo ukisikia unaona vilivyoumbwa, mlima, mto, msitu, ndege. Maneno matamu kweli kusikia. Lakini mtaro wa Bwaise, mtaa wa bondeni hapa Kampala, hakuuumba Mungu, umechimbwa na watu na umezibwa na watu, sasa unauweka wapi kwenye obutonde? Hauingii. Ndo maana mtu anaweza kupenda obutonde kwa moyo wote na bado akatupa kaveera, mfuko wa plastiki, dirishani mwa taksi, kwake hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu kilichonifurahisha nilipokisoma mara ya kwanza ni sheria. Watu wanafikiri sheria itakuwa upande wa mgeni wa redio, kumbe wapi. Uganda ilitunga sheria ya mazingira mwaka 1995, ile iliyoanzisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na pale mwanzoni inapoeleza environment ni nini inataja ardhi, maji, hewa na hali ya hewa, sawa, hivyo tulivitarajia, halafu inaendelea: sauti, harufu, ladha, wanyama na mimea, hata uzuri wa mahali kwa macho, na inamalizia kwamba ni mazingira ya asili pamoja na yaliyojengwa na binadamu. Soma tena hapo. Harufu. Ladha. Majengo. Mtu aliyeandika hicho kifungu alikuwa ameshawahi kupanga muzigo, yaani chumba kimoja, mahali pabaya, hakuna namna nyingine. Sheria yenyewe ilikuja kubadilishwa na mpya ya 2019. Halafu katiba ya mwaka huohuo wa 1995, ibara ya 39, inasema kila raia wa Uganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya, na sidhani hiyo haki inaanzia msitu wa Mabira, inaanzia pale unapolala.

Tuchukue sauti basi, maana hiyo ndo ugomvi wa kila mtaa. Zilitungwa kanuni za kelele mwaka 2003, zikasema eneo la makazi ya watu mchana isipite desibeli 50 na usiku 35. Hamsini ni watu wawili wanaongea taratibu sebuleni, thelathini na tano haijafika hata huko, ni karibu na kunong'ona. Sasa niambie mtaa gani Kampala unakaa chini ya hapo usiku wa Ijumaa. Pale ninapokaa upande mmoja kuna baa ndogo, upande wa pili kuna mkesha wa maombi, na spika za wote wawili nadhani zimenunuliwa kwa mtu mmoja, na katikati tuko sisi na watoto wanaoamka kwenda shule. Mwenye baa akiambiwa apunguze anasema mbona wale wa mkesha hamuwaambii, wa mkesha wakiambiwa wanasema mnapigana na Mungu. Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga chapati asubuhi kwa hiyo analala mapema, alienda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kulalamika, mwenyekiti akamsikiliza vizuri, akamwambia, "Mama, hiyo ni kesi ya ujirani, mkae muongee." Hata yeye mwenyekiti wala haikumpitia kichwani kwamba ile ni kesi ya mazingira, na hata yule mama hakulisema hilo neno, alisema tu "wananisumbua". Akirudi kulala anaweka pamba masikioni.

Upande wangu huu ni wa chini, karibu na Bwaise, na hapa mazingira yana tabia ya kuingia ndani bila hodi. Mnaojua Kampala mnajua mji umekaa juu ya vilima, wanasema saba ila siku hizi umeshapita huko, na katikati ya vilima kuna mabonde yaliyokuwa na mafunjo, ebitoogo, mabonde ya maji. Mvua ikinyesha kwenye kilima zamani ilikuwa inakutana na majani na udongo inatulia, sasa inakutana na mabati na lami na saruji inateremka yote kwa pamoja. Kule bondeni yale mafunjo kazi yake ilikuwa kuyapokea maji, kuyapunguza mwendo, kuyachuja taka halafu kuyaachia polepole. Maji ya upande wetu huu yanaingia kinamasi cha Lubigi, yanaenda mto Mayanja, yanafuata Kafu kuelekea kaskazini. Ya upande wa mjini kati, yanayopita mtaro wa Nakivubo, yanashuka kusini hadi ghuba ya Murchison kwenye ziwa Victoria, na pale karibu Ggaba ndo mitambo inavuta maji ya kunywa ya sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo kile ulichokitupa mtaroni pale soko la Owino kina uwezo wa kukurudia bombani, yaani kisafishwe kwanza kwa dawa na pesa nyingi ndo uchemshie chai.

Njoo utembee hapa kwetu uangalie milango. Utaona kila nyumba ya zamani mbele ya mlango kuna kiukuta cha matofali, wengine cha magoti kabisa, mgeni akija mara ya kwanza anajikwaa, mtoto mdogo anakipanda kwa tumbo. Kile si pambo, kile ni cha kuzuia maji. Ndani utakuta kitanda kimepandishwa juu ya matofali, soketi za umeme zimehamishiwa juu ukutani, unga na nguo za shule viko juu ya kabati, na kwenye ukuta kuna mstari wa kahawia unaozunguka chumba chote, chini yake rangi imebanduka. Landilodi mjanja anapaka rangi mpya kila baada ya mvua za Aprili kabla broka hajaleta watu. Kwa hiyo ukija kuangalia chumba hapa usiangalie rangi, angalia kizingiti, kisha uliza wa jirani na si mwenye nyumba, uliza hivi: maji yakija yanafika wapi? Usiulize kama yanakuja.

Na watu wanauliza, sasa kwa nini mtu ajenge kwenye maji? Hilo swali huwa linaulizwa na mtu anayekaa juu kilimani. Kiwanja cha bondeni ni rahisi, kiko karibu na mji, na anayekuuzia ana karatasi. Unamwaga udongo, tipa baada ya tipa, unajenga. Katiba ibara ya 237 inasema maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi serikali inavishika kwa niaba ya raia wote, sawa, lakini hiyo karatasi ya kiwanja nayo ina muhuri, na mtu wa kawaida akiona muhuri roho inatulia. Juni 2024 NEMA ikaingia Lubigi na matinga ikavunja nyumba, watu wakalia kwenye televisheni wakisema tulipokuwa tunajenga mlikuwa wapi, na wengine wakajibu mlijua ni kinamasi. Mimi nakubaliana na wote wawili, najua hiyo haisaidii. Ila nikiangalia udongo unavyomwagwa huku bado, naona hakuna anayesema "naharibu mazingira", anasema "natengeneza kiwanja", na kwa mdomo wake hasemi uongo, anatengeneza mazingira yake yeye, maji yanasukumwa kwa wa jirani.

Hapo ndo nakuja kwenye neno lingine linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja, mazingira mazuri ya uwekezaji. Kila hotuba. Tuwe na mazingira wezeshi, mazingira rafiki, mwekezaji aje. Namanve pale njiani kuelekea Mukono ilikuwa msitu wa hifadhi, miaka ya 1990 ikaondolewa kwenye hifadhi iwe eneo la viwanda, leo ukipita ni maghala na malori. Yaani mazingira yakaondolewa kupisha mazingira. Sikatai viwanda, ndugu zangu wengine wanakula kwa hivyo viwanda, nasema tu angalieni sentensi ilivyokaa. Mwaka 2007 ilipotaka kuwa zamu ya Mabira, kama robo ya msitu ipewe kampuni ya sukari, watu waliingia barabarani Kampala, na kuna waliokufa siku ile ya Aprili, na mpango ukasimama. Watu wanasema Waganda hawajali mazingira. Walijali hadi wakafa, ila kwa msitu ambao wengi wao walikuwa wanaujua kwa kupita na basi kwenda Jinja na kununua kuku wa kuchoma pale Najjembe. Mtaro wa nyuma ya nyumba bado haujapata maandamano yake.

Kaveera sitaongelea sana, imeshaongelewa. Ilipigwa marufuku kwenye sheria ya fedha ya 2009, ikarudi, ikapigwa tena kelele 2015, ikarudi, Rwanda waliimaliza 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na sisi ukinunua nyanya tatu sokoni bado unafungiwa kwenye kaveera, na ukikataa muuzaji anakuangalia ana wasiwasi na wewe.

Kasasiro, yaani takataka, ndo ngumu zaidi kuandika. Kiteezi, jalala la Kampala nzima toka 1996, liliporomoka Agosti 2024 likafukia nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Wale watu walikuwa wameishi na ile harufu miaka, wakilalamika, na kila mmoja wetu mjini alikuwa na mfuko wake mle ndani. Kama mtu bado anafikiri harufu siyo mazingira, au mazingira ni kitu cha kwenda kutembelea Jumamosi na kamera, aende akaongee na watu wa kule.

Juzijuzi tulikuwa na mkutano wa kijiji, chini ya turubai, viti vya plastiki, mwenyekiti ana ajenda yake kwenye karatasi. Usalama ikaja kwanza, watu wakaongelea baa na kelele zake na vijana wanaotoka pale usiku wakivuta vitu. Ikaja afya, wakaongelea kasasiro kwamba gari halijapita na mbwa wanachana mifuko. Ikaja maendeleo, hapo ndo palichemka, mtaro umeziba pale karibu na kalavati na mvua ziko njiani, nani atachanga, nani alimwaga udongo, mzee mmoja na landilodi mmoja nusura washikane mashati. Saa ziliposogea mwenyekiti akaangalia karatasi akasema, "Namba nne, environment. Hapo naona hatuna kitu, labda tupande miti miwili pale kwa shule." Watu wakapiga makofi, wakaanza kukunja viti.